Walichokiita Uvivu

Jumatatu, 3 Machi

Leo Mkuu wa Shule kaniita mvivu mbele ya walimu wote. Neno lenyewe hakulitamka. Alisema, "Kuna walimu hapa serikali inawalipa waje kulala," halafu akanyamaza na kunitazama, na wengine wote wakageuza shingo kutazama kule alikotazama yeye. Mwalimu Ally akajikohoza ili asicheke.

Kosa langu ni kwamba Ijumaa nilipitiwa na usingizi nikiwa nimesimama. Nilikuwa Kidato cha Pili, nimeandika mifano ya viambishi ubaoni, nikaegemea ukuta kusubiri wanafunzi wanakili. Nikashtushwa na kicheko cha darasa zima. Chaki ilikuwa imeniponyoka. Wanasema nilikoroma.

Nimeamua kuandika kwa sababu nikieleza kwa mdomo nalia, na sitaki kulia. Nina hasira. Nina miaka arobaini na sita, nafundisha Kiswahili hapa Zinga, nalala mapema kuliko mtu yeyote mtaani kwetu na naamka nimechoka kama niliyetwanga usiku kucha. Nimeshakwenda hospitali mara mbili. Daktari wa kwanza alinipa dawa za minyoo. Wa pili aliniambia nipunguze mawazo.

Nilimweleza mume wangu, Simon, yaliyonikuta kikaoni. Akacheka. "Sasa wewe Mama Hope, unalala kama gogo. Uchovu unatoka wapi?"

Jumanne, 4 Machi

Mvua ya kwanza ya masika. Nimesinzia ofisini. Nadhani hakuna aliyeniona.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Kichwa kinauma tangu nilipoamka, kama kila asubuhi.

Jumapili, 9 Machi

Nitaandika yote kama yalivyotokea.

Baada ya misa tulikwenda Kerege kwa shemeji yangu Amedeus, kaka yake Simon. Binti yake kamaliza chuo, kwa hiyo walichinja mbuzi na sebule ilijaa ndugu, wengine wametoka Morogoro. Tumekula vizuri. Nilipokuwa napokea sahani jikoni nikasikia watu wanavunjika mbavu sebuleni, nikaenda na tabasamu langu kabisa, nikidhani nimekosa kichekesho.

Amedeus alikuwa ameshika simu juu, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Ilikuwa ni mimi. Mkoromo wangu. Sikuutambua mara moja, maana nani anajua anavyokoroma? Nimeutambua kwa sababu kila mtu alikuwa ananitazama.

Mkoromo ukapanda, ukapanda, halafu ukakatika. Kimya. Hapo ndipo walipocheka zaidi, kwenye kile kimya. Amedeus akainua kidole: "Subirini, subirini, trekta limezimika... linakuja, linakuja!" Kimya kikaenda, kikaenda, mpaka mimi mwenyewe nikataka mkoromo urudi. Kisha sauti yangu ikarudi kwa kishindo, kama mtu aliyetolewa majini anazama. Nyumba nzima ikalipuka. Bibi mmoja wa Matombo akafuta machozi kwa khanga.

Mimi nalala na mtu mmoja tu chumbani. Mtu mmoja tu angeweza kurekodi.

Nilimtafuta Simon kwa macho. Alikuwa kwenye kiti cha pembeni, anachezea funguo za duka. Yeye hakuwa anacheka. Lakini hakusema kitu pia.

Njia nzima ya kurudi sikumsemesha. Alipofungua mlango akasema, "Ulikuwa utani tu, Mama Hope. Nilimtumia Amedeus peke yake, yeye ndiye kairusha kwenye kundi la ukoo." Nikafungua simu yangu. Kweli, ipo kwenye kundi la ukoo, imekaa pale na vikatuni vya kucheka chini yake kama nzi.

Nimehamia chumba cha Hope. Mwenyewe yuko chuo Morogoro, kitanda kipo.

Jumatatu, 10 Machi

Sijazungumza naye.

Jumanne, 11 Machi

Sijazungumza naye. Kaniletea chapati. Nimekula chapati, sijazungumza naye.

Alhamisi, 13 Machi

Jana ningekufa, tena kwa jambo la aibu.

Nilitoka shule mvua imepungua, nikapanda bodaboda ya Ashrafu, kijana ninayemwamini kwa sababu hakimbizi. Nakumbuka kona ya kwanza. Kinachofuata ni tope mdomoni na Ashrafu anaita, "Mwalimu! Mwalimu Evarista!" Nilikuwa nimelala nyuma ya pikipiki, nikateleza kama gunia. Lori la mchanga lilikuwa limetoka tu kutupita. Lingechelewa kidogo, habari zangu za masika haya wangeziandika watu wengine, na bila shaka wangeandika kwamba marehemu alipenda kulala.

Bega limechubuka, goti limevimba. Ashrafu hakunirudisha nyumbani. Alisema, "Mwalimu, samahani, mimi nakupeleka zahanati. Nilikusikia unakoroma mgongoni kwangu. Mchana huu. Hii siyo kawaida."

Daktari wa zamu alikuwa msichana mdogo, Adila, ushungi wa kijivu, mwembamba, mwenye haraka. Aliniamkia, akasafisha goti, akauliza ilikuwaje. Nilikuwa nimechoka kudanganya. Nikamwambia nililala.

"Unalala hivyo mara nyingi, mama?"

"Kila siku. Mimi ni mvivu. Muulize mtu yeyote Zinga."

Hakucheka. Aliuliza kama naamka na kichwa kinauma. Kama mdomo unakuwa mkavu. Kama naamka usiku kukojoa. Kama kuna mtu amewahi kuniambia nakoroma kisha nanyamaza. Hapo ndipo nilipotoa simu, nikamfungulia ule uchafu wa kundi la ukoo, kwa hasira, ili na yeye acheke tumalize.

Alisikiliza mara moja. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena, simu ameisogeza sikioni, pale pale kwenye kimya.

"Nani alirekodi?"

"Mume wangu."

"Ili atuletee sisi?"

"Ili awachekeshe ndugu zake."

Akaiweka simu mezani taratibu. "Mama, hapa kwenye kimya hupumui."

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema. Hapa hupumui. Akanieleza kwamba nyama za koo zinalegea usingizini, njia ya hewa inajifunga, damu inapungukiwa na oksijeni, na mwili unashtuka kujiokoa. Kisha unalala tena, unajifunga tena. Usiku kucha. "Wewe hulali, mama. Unapigana."

Sebule nzima ilikuwa inacheka mtu asiyepumua. Nimeshindwa kufikiria kitu kingine tangu jana.

Jumamosi, 15 Machi

Adila kaniazima kifaa. Kinafungwa kwenye kifundo cha mkono kama saa, na kina waya mfupi wenye kikofia cha mpira kinachovikwa kidoleni. Ndani ya kikofia kuna taa nyekundu. Kinapima oksijeni ya damu na mapigo ya moyo na kuyahifadhi usiku mzima, halafu yeye anayatoa kwenye kompyuta. Mtu mzima, alisema, anatakiwa asome asilimia tisini na tano kwenda juu. Oksijeni ikishuka sana kinatetemeka mkononi. Niwe na mikono yenye joto, nisiwe na rangi ya kucha. "Hakikuambii ugonjwa kwa jina," alisema. "Kinatuonyesha kama tuna sababu ya kukupeleka Dar kwa kipimo kamili."

Simon kakitazama kama kimeletwa na mganga. Kasema vitu vya kuazima havina uhakika. Nikamvika yeye kidoleni, pale pale mezani mchana. Kikasoma tisini na nane.

"Haya, Baba Hope. Kibovu?"

Akakivua.

Jumatatu, 17 Machi

Usiku wa jana nilikivaa. Paa la chumba cha Hope linavuja juu ya kitanda, ikabidi nirudi kitandani kwetu. Nililala nimempa Simon mgongo. Nilipoamka mkono ulikuwa mtupu. Kifaa kilikuwa juu ya meza ya kioo, kimezimwa.

"Nimekuvua mimi," Simon akasema. "Kilikuwa kinatetemeka, unahangaika nacho. Na mimi nina kazi asubuhi."

Nina kazi asubuhi! Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, kwa sababu Hope anaweza kuja kuyasoma siku moja. Nilimwambia kwamba hata goti langu limeonewa huruma na Ashrafu ambaye si ndugu, na yeye aliyenioa kanisani ananivua kipimo ili alale. Alivaa viatu, akaenda kufungua duka lake la misumari na mabati.

Mimi nimekwenda shule nikasimama kila kipindi. Sikukaa hata mara moja, nikiogopa kiti.

Jumatano, 19 Machi

Mkuu wa Shule, Msabaha, kanipa barua ya kujieleza. Eti kwa nini nisichukuliwe hatua kwa "kulala kazini kwa makusudi." Makusudi! Nilimweleza kwamba niko kwenye vipimo. Akasema kila anayepewa barua huwa anaanza kuumwa.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua imejaa uani. Bi Mize, jirani yangu, kanikuta nachota maji ndani kwa kopo, nachota huku nalia kwa hasira. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Kulikoni?" Nikamwambia yote nikiwa nimeinama. Bi Mize ni mjane, ana nyumba kavu na hana mtu wa kumkoromea. Akasema, "Njoo ulale kwangu na hicho kisaa chako. Mimi mwezi huu naamka daku kila siku, nitakuchungulia. Nikimwona mtu anakigusa nitamkata mkono."

Ijumaa, 21 Machi

Niliamka kwa Bi Mize, kifaa kipo mkononi. Yeye alikuwa kaketi mlangoni, tasbihi mkononi, uso umemshuka.

"Nilikula daku nikaja kukuchungulia," akasema. "Ukanyamaza. Nikasema sasa hivi atavuta. Huvuti. Tumbo linapanda na kushuka lakini pumzi haiji. Nikaanza kukusomea Yasini, mwanangu. Wallahi nilianza kukusomea." Kisha, anasema, nikashtuka kama aliyepigwa, nikavuta hewa, nikaendelea kulala, na baada ya muda mfupi nikanyamaza tena. Akabaki ameketi pale mpaka adhana, hawezi kuondoka.

Nilimshika mikono. Mtu wa pili amesikia kile kimya na hakucheka.

Jumamosi, 22 Machi

Usiku wa pili kwa Bi Mize. Sawa.

Jumatatu, 24 Machi

Adila kanigeuzia kompyuta nione mstari wa oksijeni yangu. Mstari wa Bi Mize, nauita hivyo, maana umetoka nyumbani kwake. Ungetakiwa uwe kama meza. Wangu ulikuwa kama meno ya msumeno, kuanzia nilipolala mpaka nilipoamka. Sehemu moja umeshuka hadi sabini na moja.

"Ningemwona mgonjwa wodini anasoma hivi, ningekimbia," alisema Adila.

Nikamuuliza kama ni kwa sababu mimi ni mnene. Niliuliza kwa ukali, nikingojea na yeye anihubirie. Akasema uzito unachangia, tutaushughulikia, lakini ana wagonjwa wembamba wenye hali hiyo hiyo, na ugonjwa siyo adhabu ya mtu kula. Kanipa rufaa ya Dar.

Nimetoka na karatasi yenye ule mstari. Nilidhani nitaogopa. Sikuogopa. Nilipandwa na hasira mpaka nikapita kituo bila kuangalia nakwenda wapi. Miaka sita au saba nimeomba radhi kwa watu. Nimeomba radhi kwa wanafunzi, kwa paroko nilipolala kwenye mahubiri, kwa mama mkwe kabla hajafariki, kwa Simon kila asubuhi, samahani nimekuamsha. Nimeomba radhi kwa kuzama.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Pilau ya Bi Mize. Mchana nililala kwenye mkeka wake katikati ya wageni, na hakuna aliyenisema, kwa sababu alishawaonya wote.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimerudi kutoka Dar. Huko nililala hospitali nimefungwa nyaya kichwani na kifuani kama redio iliyofunguliwa. Majibu yamethibitisha yale ya kisaa cha Adila. Ni ugonjwa wa kukosa pumzi usingizini, na wangu ni mkali. Simon alitaka kunisindikiza, nikamwambia duka litalala njaa.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Amedeus na ndugu wengine hawajaja mwaka huu. Nimesikia wanasema nimekuwa na kiburi.

Alhamisi, 24 Aprili

Hospitali imeniazima mashine kwa majaribio. Ina bomba na barakoa ya puani, inasukuma hewa ili koo lisijifunge. Nikiivaa nafanana na mzamiaji. Usiku wa kwanza niliivua kwa hofu. Usiku wa pili niliivaa.

Ijumaa, 25 Aprili

Niliamka kabla ya jogoo na sikujua nina nini. Nilikaa kitandani nikijipapasa. Kichwa hakiumi. Macho hayachomi. Nje mvua inanyesha na ninaisikia kila tone peke yake. Nikagundua kwamba hivi ndivyo watu wengine wanavyoamka. Kila siku! Wanaamka hivi, halafu wanatucheka sisi.

Jumatano, 30 Aprili

Nimesahihisha madaftari ya darasa zima kwa mkao mmoja.

Jumatatu, 5 Mei

Kikao cha walimu. Vyeti vyangu vya Dar Mkuu alikuwa navyo tangu wiki iliyopita. Alimaliza habari za vyoo na mitihani, halafu akaiweka tai sawa. "Kuhusu Mwalimu Evarista, uongozi umelitafakari suala lake kwa huruma. Tumeamua kumsamehe."

Watu wakaanza kupiga makofi. Nikasimama.

"Mkuu, nimesamehewa nini?"

"Mwalimu, mambo yameisha. Kaa tu."

"Mimi sikuomba msamaha. Naomba unitajie kosa ulilonisamehe."

Makofi yakafa. Mvua ilikuwa inapiga bati. Ally akawa anasoma viatu vyake. Mkuu akasema tusilikuze jambo. Nikamwambia yeye ndiye aliyelikuza, hapa hapa, mbele ya hawa hawa. "Ulisema serikali inanilipa nije kulala. Ulisema mbele ya walimu. Yaliyo ya kweli pia yasemwe mbele ya walimu."

Naliandika hili kwa herufi kubwa moyoni mwangu: sikulia.

Mkuu alitazama mlango, akatazama dirisha. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba mwalimu alikuwa mgonjwa, hakuwa mvivu, na kwamba yeye alikosea.

"Mkuu, huku nyuma hatujasikia," akasema Mwalimu Vicky wa Hisabati. "Mvua."

Akarudia. Safari hii kwa sauti ya paredi.

Jumapili, 11 Mei

Mvua zinakaribia kwisha. Leo Simon kaomba tuzungumze. Tuliketi barazani, yeye kwenye kigoda, mimi kwenye kiti. Mashine nimeizoea, nalala chumba cha Hope tangu fundi azibe paa.

Aliniuliza lini nitarudi chumbani. Nikamuuliza kwa nini alirekodi.

Akasema, "Nilikuwa nakisikia."

"Unasikia nini?"

"Kile kimya. Miaka mingi, Mama Hope. Nilikuwa naamka nakusikiliza. Unanyamaza, na mimi nakaa nasubiri. Mara nyingine nakusukuma na kiwiko ili urudi. Nilidhani siku moja hutarudi. Nikamrekodia Amedeus nimuulize kama na mkewe yuko hivyo. Yeye akacheka. Na mimi nikaona afadhali, kumbe ni kitu cha kuchekesha."

"Na kifaa?"

"Kilitetemeka, nikawasha tochi. Kilikuwa kinasoma sabini na kitu. Siku ile mezani kilinisomea mimi tisini na nane." Alijifuta uso kwa kiganja. "Niliogopa. Nikakizima nisikione."

Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia. Nilimhurumia kidogo, ni kweli, maana nilimwona akilini, usiku mmoja mmoja, amekaa gizani na kiwiko chake, hana wa kumwambia. Miezi hii yote nilidhani nimeolewa na mtu asiyejali. Kumbe nimeolewa na mwoga. Lakini huruma ilipopita, hasira ilikuwa bado imekaa pale pale, tena imepata jina. Alijua. Nilipokuwa naomba radhi kila asubuhi kwa kumsumbua, alijua. Nilipoitwa mvivu, akaniuliza uchovu unatoka wapi, na alijua.

Nikasimama, nikaenda shambani nyuma ya nyumba, nikang'oa magugu kwenye mihogo, nikang'oa mpaka manyunyu yakaanza na kucha zikajaa tope. Sikuchoka. Zamani ningekuwa nimeshakaa chini. Nilipomaliza matuta yote nikanawa mikono, nikarudi barazani. Alikuwa bado kwenye kigoda, hajasogea, mvua inamlowesha magoti.

"Nitaendelea kulala chumba cha Hope," nikamwambia. "Mpaka hasira ziishe."

"Zitaisha lini?"

"Sijui, Baba Hope. Zamani nilikuwa nachoka kabla hazijafika popote. Sasa nina nguvu nazo."

Akaitikia kwa kichwa. Nikamwambia ainuke kwenye mvua, asije akaugua. Akainuka.